Andreas Schlüter na Mnara Uliomponza

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu ni yule yule, kaka Baraka. Wiki iliyopita nilimwomba asiniletee tena mfalme, aniletee aliyemjengea mfalme.

BARAKA: Nimekuletea Andreas Schlüter. Mchongaji sanamu huyu, kazi alifunzwa Danzig, ambayo leo ni Gdańsk, Poland. Akachonga Warsaw, na mwaka 1694 akaitwa Berlin na Friedrich wa Tatu, mtawala wa Brandenburg, nchi ya Wajerumani ambayo Berlin ilikuwa mji wake mkuu.

ZUHURA: Mtawala, bado si mfalme.

BARAKA: Na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi! Jirani yake wa Saxony alipata ufalme wa Poland mwaka 1697. Yeye je? Akahangaika mpaka Januari 1701, kule Königsberg, akajivika taji kwa mikono yake mwenyewe, akaitwa Friedrich wa Kwanza wa Prussia.

ZUHURA: Makubwa! Kwa hiyo taji limepatikana, sasa inatakiwa nyumba ya kulionyeshea.

BARAKA: Nyumba ilishaanza. Mwaka 1699 Schlüter alikabidhiwa Kasri la Berlin, pale kando ya mto Spree. Lilikuwa jengo la zama mbalimbali, huku limeongezwa, kule limebandikwa. Yeye akalipa sura moja: kuta ndefu, malango makubwa, na ua wa ndani wenye nguzo na sanamu, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

ZUHURA: Kabla hujafika mbali, nataka tusimame kwenye zile nyuso. Mimi ndizo zilizonikamata.

BARAKA: Zile alizozichonga Schlüter kwenye ghala la silaha. Haya, zisimulie wewe.

ZUHURA: Lile jengo lipo mtaa wa Unter den Linden, siku hizi ni la makumbusho ya historia ya Ujerumani. Ukipita nje, unaona kofia za chuma na mapambo ya ushindi, mambo ya kumfurahisha bwana mkubwa. Ingia uani. Juu ya madirisha ya chini kuna vichwa 22 vya askari wanaokata roho. Midomo wazi, nyusi zimekunjamana, kuna ambao macho yameshafumba nusu. Hakuna shujaa pale. Ni ghala la mizinga ya mfalme, na mtu amechonga humo bei ya mizinga yenyewe.

BARAKA: Wengine wanasema ni maadui walioshindwa, kwa hiyo nazo ni sifa kwa mfalme.

ZUHURA: Wacha waseme. Mtu anayetaka kusifu vita hachongi maumivu kwa uangalifu ule. Nenda kwenye mnara.

BARAKA: Haya. Karibu na kasri kulikuwa na mnara wa zamani wa kiwanda cha kufulia sarafu. Friedrich akataka uinuliwe upite mita 90, na juu yake zipigwe kengele za muziki zilizoagizwa Uholanzi. Kazi ikaanza 1702. Sasa wewe ni mhandisi, hebu niambie kuhusu udongo wa Berlin.

ZUHURA: Mchanga na tope. Maji yapo karibu mno na uso wa ardhi. Zamani walikuwa wakipigilia magogo ardhini kwanza, ndipo wajenge juu yake. Lakini ukichukua msingi wa mnara mfupi ukaupandishia mnara mrefu, udongo unadidimia, tena haudidimii sawasawa. Upande mmoja ukitangulia kushuka, nyufa hizo.

BARAKA: Ndivyo ilivyokuwa. Nyufa zilipotokea, Schlüter akafunga mnara kwa vyuma na kuuzungushia ukuta mwingine mnene wa kuushikilia.

ZUHURA: Eh! Hapo ndipo alipojimaliza. Ukuta huo nao una uzito, na unakalia udongo ule ule. Ni sawa na kumtwisha gunia mtu aliyekwama kwenye matope eti ili asimame imara.

BARAKA: Kufika mwaka 1706 mnara ulikuwa umeinama, watu wa jirani roho juu. Ikaundwa tume, ikasema ubomolewe. Ukabomolewa. Na mmoja wa wajumbe wa tume ile alikuwa Eosander, mjenzi mwenzake wa pale pale ikulu. Unajua nani alikabidhiwa kasri baada ya Schlüter kuvuliwa cheo?

ZUHURA: Usiniambie.

BARAKA: Eosander.

ZUHURA: Ofisi ni zile zile, miaka 300 iliyopita na leo. Lakini simtetei Schlüter. Mtaalamu kazi yake ni kumwambia mwenye mali kwamba hapa hapajengeki.

BARAKA: Umwambie mfalme? Ambaye taji lenyewe ana mwaka mmoja nalo na anataka lionekane toka mbali?

ZUHURA: Ndiyo, umwambie. Mnara ukianguka hauangukii mfalme, unaangukia mafundi.

BARAKA: Mimi namwonea huruma. Alikuwa mchongaji bora aliyepewa mtihani wa mhandisi. Na hata walipomshusha, waliendelea kumtumia kwa uchongaji. Hata jeneza la Friedrich mwenyewe, lililo katika kanisa kuu la Berlin, ni kazi yake.

ZUHURA: Akafia Berlin?

BARAKA: Hapana. Mwaka 1713 Friedrich alifariki, akatawala mwanawe, ambaye fedha zote alizipeleka jeshini. Wasanii wakakosa kazi. Schlüter akaitwa na Petro Mkuu, mtawala wa Urusi, kwenda Petersburg, mji uliokuwa ukijengwa kwenye kinamasi.

ZUHURA: Tope tena!

BARAKA: Tope tena. Hakukaa. Mwaka uliofuata, 1714, akafariki huko huko.

ZUHURA: Na kasri?

BARAKA: Liliungua kwa mabomu mwaka 1945, na 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua. Wakaja kujenga bunge lao pale pale, nalo likavunjwa baada ya nchi kuungana. Sasa kuta tatu za nje zimejengwa upya kwa sura ile ya zamani, pamoja na ua wa Schlüter, na jengo linaitwa Humboldt Forum. Lilifunguliwa kwa wageni 2021.

ZUHURA: Na humo ndani ndimo yalimohamia maonyesho ya makumbusho ya etnolojia, yaani ya tamaduni za watu mbalimbali, yenye maelfu ya vitu vya kwetu, toka enzi Tanganyika ikiwa chini ya Mjerumani. Vingine vilitekwa wakati wa vita vya Maji Maji.

BARAKA: Hapo ndipo panapokera. Ukuta wa mfalme umejengwa upya kwa michango ya watu, jiwe kwa jiwe. Lakini ukiuliza lini vitu vya watu wa Kusini vitarudi, unaambiwa utafiti unaendelea.

ZUHURA: Tena ukuta wenyewe ni mpya, vitu ndivyo vya kweli.

BARAKA: Wasikilizaji wa Songea na Kilwa, kama kwenu kuna kitu wazee wanasema kilichukuliwa, turekodieni ujumbe wa sauti mtutumie. Tutausoma, samahani, tutausikiliza hapa kipindi kijacho.

ZUHURA: Na mafundi wa misingi nao watume. Mimi bado nina ugomvi na ule ukuta wa kuzungushia.