Jinsi ya kuchagua habu ya USB-C kabla hujatoa hela

Mwangaluka, karibuni sana. Mezani hapa nina laptopu mbili, tableti moja, na habu tatu za USB-C, yaani vile vidude unavyochomeka kwenye tundu moja dogo la USB-C vikakupa matundu mengi, ambazo ukizitazama harakaharaka utasema zimetoka kiwanda kimoja. Kazi zake ni tofauti kabisa, na leo tunajifunza kuzitofautisha.

Hapa Mwanza, ukipita Makoroboi au Barabara ya Kenyatta ukaulizia habu, utaonyeshwa kwanza ile yenye matundu mengi. "Bosi, hii ina kila kitu, saba kwa moja." Sawa, yapo saba. Ila mimi nakuomba uanzie upande wa pili, kwenye kifaa chako mwenyewe, kwa sababu habu haiwezi kutoa kitu ambacho tundu la laptopu au tableti yako halina.

Hatua ya kwanza: soma tundu la kifaa chako.

Nasogeza kamera. Laptopu hii ya kushoto ina USB-C, na pembeni ya tundu kuna alama ya radi yenye ncha ya mshale. Hiyo ni Thunderbolt, inapitisha picha na data bila shida. Wakati mwingine utakuta herufi D yenye P ndani yake. Hiyo ni DisplayPort, maana yake tundu linatoa picha. Sasa hii ya kulia. Tundu ni lilelile kwa umbo, lakini halina alama ya picha, na chaja yake ni ile ya mdomo wa duara. Hapo simama kwanza. Inawezekana tundu hili ni la data tu, halichaji na halitoi picha. Kukosa alama peke yake hakutoshi kuhukumu, kwa hiyo chukua jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya laptopu, litafute mtandaoni, usome sehemu ya matundu. Unachotafuta ni maneno mawili: DisplayPort kwa ajili ya picha, na Power Delivery kwa ajili ya chaji.

Kwenye tableti ndiko watu wengi wanaumia. Kwa Samsung, Galaxy Tab nyingi za mfululizo wa S zinatoa picha kwenye televisheni au projekta, ila si zote, S6 Lite kwa mfano haitoi. Za mfululizo wa A, ambazo ndizo nyingi mitaani kwa sababu ya bei, mara nyingi hazitoi. Utachomeka habu, flashi itasoma, mausi itafanya kazi, lakini HDMI, lile tundu la waya wa televisheni, itabaki giza, na muuzaji atakuambia ubadilishe waya. Waya hauna kosa. Kwa iPad, Pro zina USB-C tangu 2018, Air tangu 2020, na iPad ya kawaida kuanzia kizazi cha 10 cha mwaka 2022. Zote hizo zinatoa picha. Ila hiyo ya kawaida, data yake inaishia kasi ya USB 2.0, ile ya zamani ya polepole, kwa hiyo ukiinunulia habu ya kasi kubwa umetupa hela.

Kuna adapta za DisplayLink ambazo hupitisha picha kwa njia ya data baada ya kuweka programu yake. Zinasaidia laptopu ambayo tundu lake halitoi picha, ila bei yake iko juu, na mtu mwenye projekta moja tu ya kanisani sioni sababu ya kufika huko.

Hatua ya pili: piga hesabu ya umeme.

Chukua chaja yako, igeuze, soma yale maandishi madogo. Hii hapa imeandikwa 20V na 3.25A. Zidisha: wati 65. Sasa angalia habu, imeandikwa 100W kwa herufi kubwa. Hiyo haina maana kwamba habu inatoa wati 100. Inavumilia kupokea hadi hapo, basi. Tena kabla haijapeleka chochote kwenye laptopu inachukua cha juu kama dalali, kwa kawaida wati 10 hadi 15. Kwa hiyo chaja ya wati 65 itafikisha kama 50 kwenye laptopu. Kwa kuandika na kufungua barua pepe zinatosha. Kwa kuhariri video za harusi, betri inaweza kushuka huku umechomeka.

Waya nao uangalie. Kupita wati 60 unahitaji waya wa ampea 5, na mara nyingi huandikwa 100W au 240W kwenye kichwa chake. Ukitumia ule uliokuja na simu, hata chaja iwe ya wati 100, mara nyingi hutavuka 60.

Na hapa kuna jambo ambalo video nyingi za nje hazilisemi, kwa sababu kwao umeme haukatiki ovyo. Habu ikiwa inapata umeme kwenye chaja halafu umeme ukakatika, inalazimika kugeuka ghafla ianze kula umeme wa laptopu. Habu nyingi katika sekunde ile huzima kila kitu na kuwasha upya. Mausi haitajali. Lakini kama ulikuwa unahamisha picha kwenda kwenye diski ya nje, diski inakatwa katikati ya kuandika, na faili linaweza kuharibika. Si habu zote ziko hivyo, ndiyo maana tutaijaribu dukani. Kumbuka hili, tunalirudia sasa hivi.

Hatua ya tatu: chungulia ndani ya matundu.

Rangi ya bluu ndani ya tundu la USB ya kawaida inaashiria USB 3, nyeusi au nyeupe mara nyingi ni USB 2.0. Lakini rangi ni rangi, mtu yeyote anaweza kuipaka. Washa tochi ya simu, inamisha habu hivi, uchungulie. Umeona? Kuna safu mbili za vipande vidogo vya shaba, moja ina vinne na nyingine vitano, jumla tisa. Hii ni USB 3 ya kweli. Sasa hii ya pili, nayo ina ulimi wa bluu mzuri kabisa, lakini hesabu: vinne tu. Hii ni USB 2.0 iliyovalishwa sare.

Tofauti yake ni megabiti 480 kwa sekunde dhidi ya gigabiti 5. Mpiga picha anayetoka Capri Point na memori kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa, kwenye kisoma kadi cha USB 2.0 atasubiri karibu nusu saa. Kadi hiyohiyo, ikiwa ni ya kasi nzuri, kwenye kisoma kadi cha USB 3 ni dakika kama 12. Kama wewe unachomeka flashi ya kuchapisha barua tu, usijisumbue na haya.

Jambo dogo la pembeni: mausi isiyo na waya ikianza kurukaruka mara tu unapochomeka diski, usikimbilie kuilaumu mausi. USB 3 ikifanya kazi hutoa mawimbi yanayosumbua masafa ya gigahezi 2.4, na mausi nyingi zinatumia masafa hayohayo, hata waifai pia. Hamishia kile kidude chake cha kupokea mawimbi kwenye tundu la USB 2.0, au upande mwingine wa laptopu, mbali na diski. Kwa hiyo habu yenye tundu moja jeusi si mbaya, lina kazi yake.

Hatua ya nne, hii tupite haraka. HDMI ikiandikwa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana, tafuta namba ya pili: 30Hz au 60Hz, yaani picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde. Kwa projekta za madarasani pale chuo cha SAUT au ukumbi wowote wa semina, 30Hz haikuletei shida kwa sababu projekta zenyewe nyingi hazifiki 4K. Kwa skrini ya 4K ya mezani unayoitazama kutwa nzima, chukua 60Hz, la sivyo kishale cha mausi kitakuwa kinakwamakwama na macho yatachoka. Kama unavuka kwenda Nansio, kule Ukerewe, kufundisha na hujui utakuta projekta gani, habu yenye VGA pia, lile tundu la projekta za zamani, itakuokoa. Tundu la intaneti ya waya, gigabiti ni bora, lakini kama kifurushi chako hakivuki megabiti 100, lolote linatosha. Na wenye MacBook: HDMI mbili kwenye habu ya kawaida zitakupa picha ileile kwenye skrini zote mbili.

Hatua ya tano: nenda dukani na vyombo vyako.

Beba laptopu au tableti, chaja yake, waya wake, na flashi au diski yenye faili moja kubwa. Tableti iache ndani ya kava lake, kwa sababu kava nene huzuia kichwa cha habu kuingia hadi mwisho, na hilo hutaligundua mpaka ufike nyumbani Nyegezi. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, naomba niijaribu kwanza." Akikataa, maduka ni mengi.

Chomeka chaja kwenye habu, habu kwenye laptopu. Laptopu iseme inachaji. Windows ikileta ujumbe kwamba chaja ni dhaifu, umeshapata jibu la hesabu yetu ya wati. Omba HDMI ya televisheni ya dukani, hakikisha picha imetoka. Sasa chomeka diski kwenye habu, anza kunakili faili lako kubwa kwenda humo, na likiwa katikati, chomoa chaja ukutani. Usichomoe habu. Tazama skrini. Kunakili kukiendelea, habu hii itavumilia umeme wetu. Kukikatika na diski ikapotea kisha ikarudi, unaweza bado kuinunua kwa mausi na projekta, ila bei ishuke, na usiiamini na kazi za wateja. Jaribu hili kwa faili ambalo una nakala yake sehemu nyingine.

Iache ikiwa inachaji na inatoa picha huku mnazungumza bei. Ikipata joto ni kawaida, lile bati la nje limewekwa makusudi litoe joto. Ikikufanya uondoe mkono, au ikitoa harufu ya plastiki, irudishe kwenye kabati lake. Tikisa kidogo waya pale unapoingia kwenye habu. Picha ikikatika kwa mtikiso mdogo, haitafika mbali ndani ya begi la bodaboda.

Yote yakipita, lipa, na mwambie aandike modeli kwenye risiti. Asiandike "adapta" peke yake, maana ukirudi na habu iliyokufa, risiti ya "adapta" inaweza kuwa ya kitu chochote kilichomo mle dukani.