Mlango wa duka nao ni mlango

Haya, mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, narudia lile lile, milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sio ile ya nakshi na njumu mnayopiga nayo selfi, ile ina watetezi wake, hata mtoto wa skuli atakwambia yenye kichwa bapa ndio ya zamani na ya upinde imekuja baadae na mkono wa Kihindi. Mimi nasema mlango wa duka. Mbao tupu, vipande vinne au sita vyenye bawaba, unakunjwa mpaka ukutani na duka zima linabaki wazi kwa wapita njia.

Kulikuwa na mzee mmoja Hurumzi, nikipita kwake kila asubuhi. Anatoa komeo, anavuta kipande cha kushoto, bawaba inalia kiii, cha pili kinafuata chenyewe, mara majora ya vitambaa yashatoka mpaka barazani. Mteja hajatia mguu ndani, keshakaa, keshauliza bei, keshapewa kahawa. Juu ghorofani mkewe anaanika nguo. Nyumba ndio ile, chini biashara juu watu, ukiondoa kimoja umebaki na ganda.

Mzee kafariki, watoto wakapangisha fremu, mpangaji akatia kioo na eisii. Mlango je? Nikaukuta hotelini umelazwa, umefanywa meza ya kahawa! Wallahi nilicheka kwa hasira.

Mtasema vumbi, mtasema joto, wageni wanataka baridi. Jamani, kuta za mawe ya matumbawe nene vile na dari iko juu kule, unadhani wazee walikuwa hawalijui joto? Umeziba upepo kwa kioo halafu unanunua upepo wa umeme!

Beit el Ajaib, lile jumba la sultani la 1883, ilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020 kila mtu alishika kichwa, na mimi nilishika. Mlango wa duka ukitolewa hata jirani hachungulii. Na UNESCO mwaka 2000 waliuandikisha mji kwenye orodha ya urithi wa dunia, sio majumba ya masultani peke yake.

La kupiga simenti kuta hizi nishalisema mpaka nimechoka, jiwe linavuta maji kutoka chini, chokaa inayaachia yatoke, simenti inayafungia ndani, plasta inabanduka, basi. Boriti za mikoko... naona mwenyekiti ananionesha saa. Waya za umeme leo hatufiki.

Maswali karibuni, ila jina la hoteli sisemi, msihangaike.