Kabla ya ganzi, pima: mhadhara kwa matabibu na wauguzi kuhusu ateri za mkono

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kuunganisha ateri za mkono zilizokatika, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye mkono na vidole, na najua wengine mmetarajia picha za hadubini na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zipo. Lakini mikono mingi haipotelei kwenye meza yetu ya upasuaji. Inapotea saa ya kwanza, kwenye chumba chenu cha kufungia vidonda, na ndiyo maana nalirudia jambo hili kila nikipewa kipaza sauti.

Mgonjwa kaletwa, panga au kioo au grainda, damu inaruka. Ndugu wanapiga kelele, na mtoa huduma anatumbukiza koleo kwenye dimbwi la damu, abane chochote kitakachonasa. Jamani, acheni! Kwenye kifundo cha mkono ateri ya alna, ile ya upande wa kidole cha mwisho, inapita bega kwa bega na neva yake, mshipa wa fahamu unaoleta hisia na kuongoza misuli. Kwenye kidole ni karibu zaidi: neva iko mbele ya ateri, upande wa kiganja, kwa hiyo kisu kilichofika kwenye ateri kwa kawaida kimeshapitia kwenye neva. Ukibana bila kuona, unaiponda neva iliyosalimika, na ile ncha ya ateri ambayo ningeweza kuishona naikuta imesagika.

Niliwahi kumpokea fundi wa milango ya chuma, kijana, amekatwa na grainda kwenye kifundo upande wa kidole cha mwisho. Huko alikotoka walibana kwa koleo mara kadhaa, wakapiga fundo kubwa la uzi, damu ikakoma. Barua ya rufaa ikaandikwa: "Damu imedhibitiwa." Kweli, ilikuwa imedhibitiwa. Tulipofungua, ndani ya fundo tulikuta ateri pamoja na neva ya alna. Grainda haikuigusa neva ile. Iliumizwa na uzi, uzi wa watu wa afya. Na hakuna aliyejua kama kabla ya kushonwa kijana alikuwa anahisi kidole chake cha mwisho, kwa sababu alichomwa ganzi kwanza. Ganzi ikishaingia, utapima nini? Mkono wa kijana yule una joto, damu inafika hadi kwenye kucha. Ila vidole viwili vimejikunja na kushika spana ni taabu. Ateri ile moja isingemwathiri sana. Tulichompotezea ni neva.

Kwa hiyo kabla ya sindano gusa ncha ya kila kidole, pande zote mbili, kwa pamba. Mwambie akunje, anyooshe, atanue vidole. Andika. Barua ya rufaa yenye saa ya ajali, rangi ya vidole na hisia za kila kidole inanifaa kuliko kurasa tatu za dawa mlizompa.

Najua mtakaloniambia: "Daktari, damu inafika ukutani, unataka nisimame nimeshika gozi?" Ndiyo, simama. Gozi safi juu ya kidonda, vidole vyako juu ya gozi, mkono umeinuliwa juu ya usawa wa moyo, dakika 10 za saa ya ukutani bila kuchungulia. Anayechungulia anang'oa damu iliyoanza kuganda na kurudi mwanzo. Ateri iliyokatika yote hujivuta na kujikaza, mara nyingi hutulia yenyewe. Iliyokatika nusu haiwezi kujivuta, hubaki wazi ikimwaga, na ndiyo inayowatia hofu. Hata hiyo kwa kawaida hutii ukiikandamiza sawasawa. Isipotii, mkanda wa kupimia presha mnao: ufungeni mkono wa juu, ujazeni upite presha ya juu ya mgonjwa, andikeni saa mliyoanza, na zisipite saa 2.

Mwingine atasema mkono una ateri mbili, ya radiali upande wa kidole gumba na ya alna, zinakutana kiganjani kwenye matao, yaani mishipa iliyopinda kama upinde, basi moja ikikatika ifungwe yaishe. Mara nyingi ni kweli, sibishi. Vidole vikiwa na damu nzuri, kufunga moja kunakubalika, na nyingi zinazoshonwa katika hali hiyo huja kuziba bila mgonjwa kujua. Lakini si kila mtu ana matao yaliyokamilika! Ndiyo sababu ya kupima. Kandamiza kidonda, bonyeza ukucha, achia: wekundu ukichelewa kupita sekunde 2, shtuka. Weka oksimita, kile kibanio cha kupimia oksijeni na mapigo, kidole kimoja kimoja, uone kama mawimbi yapo. Kidole baridi kilichopauka hakingoji kesho. Hicho ndicho tunachokishonea ateri, au tunaazima kipande cha vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, kwenye kigasha pale ncha zisipofikiana.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kidole kilichokatika kabisa: gozi iliyoloweshwa saline, yale maji ya chumvi ya hospitali, mfuko usiovuja, kisha mfuko kwenye chombo cha barafu na maji. Hamna mfuko? Glavu safi iliyopigwa fundo. Barafu isikiguse kidole. Kikipozwa hivyo kinaweza kusubiri hata saa 24, kwa kuwa hakina misuli. Mkono mzima unasubiri nusu ya hapo. Na asiniambie mtu kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Komatsu na Tamai walirudishia kidole gumba huko Nara, Japani, mwaka 1965, sawa, lakini Januari 2018 wenzetu wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walirudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya majani ya ng'ombe.

Heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, na sigara naziruka. Hili siliruki: mgonjwa mliyemshona akirudi baada ya wiki kadhaa na uvimbe kiganjani, msikimbilie kusema jipu. Uwekeeni kidole, kisha stethoskopu. Ukidunda, au mkisikia mvumo, ni ateri iliyovuja ndani ikajijengea mfuko. Msiupasue. Mleteni siku hiyohiyo. Haya, maswali, tuanze na dada wa nyuma.