Kwato juu ya lami: nani hulipia barabara za Kaunti ya Holmes?

SALMA: Msikilizaji, karibu tena kipindini. Leo tunakwenda Kaunti ya Holmes, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ohio nchini Marekani. Katika wakazi 44,000 na ushei waliohesabiwa huko mwaka 2020, karibu nusu ni Waamishi, yaani Wakristo wakulima na mafundi ambao hawamiliki magari wala hawaungi nyumba zao kwenye umeme wa gridi. Kaka Idrisa, wewe unaishi Columbus na huko umepita zaidi ya mara moja. Hebu tuanze na barabara.

IDRISA: Ahsante, dada Salma. Ukitoka mji wa Millersburg kuelekea kijiji cha Berlin, humo humo Holmes, utaona, hasa kwenye vilima, mfuo uliochimbika juu ya lami kana kwamba mtu amepitisha patasi. Ndiyo njia ya kwato. Farasi wa vigari huvishwa nali zilizotiwa vipande vidogo vya chuma kigumu mno ili wasiteleze wakati wa theluji, na chuma hicho huila lami kidogo kidogo, kila siku, mahali pale pale.

SALMA: Basi hapo ndipo wenye magari wanapolalamika kwamba Waamishi wanaharibu barabara na hawalipi kodi.

IDRISA: Wanalalamika, na nusu ya maneno yao si kweli. Mwamishi hulipa kodi ya mapato, kodi ya mauzo, na kodi ya ardhi na majengo, ambayo sehemu kubwa yake huendesha shule za serikali, ilhali watoto wengi wa Kiamishi husoma katika shule zao za chumba kimoja zinazogharimiwa na wazazi wenyewe na huishia darasa la nane, haki ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1972. Wasichokilipa ni mchango wa hifadhi ya jamii. Bunge la Marekani liliwasamehe waliojiajiri mwaka 1965, kwa kuwa nao hawachukui pensheni hiyo. Mzee hutunzwa na wanawe na kanisa.

SALMA: Na nusu iliyo kweli?

IDRISA: Nusu iliyo kweli imo katika hesabu za mhandisi wa kaunti. Kule Ohio, fedha za barabara za kaunti hutoka hasa katika ada za namba za magari na kodi ya mafuta, ambayo tangu Julai 2019 ni senti 38.5 kwa kila galoni ya petroli. Kigari cha farasi hakinywi petroli wala hakina namba. Kwa hiyo kaunti yenye nusu ya watu wasiosajili magari inajikuta na barabara zinazochakaa kwa namna ambayo mfumo wa kodi haukuiwazia. Nikiri hata hivyo kwamba Waamishi hukodi madereva wenye magari kwa safari za mbali, na nauli hiyo ina kodi ya mafuta ndani yake.

SALMA: Jimbo jirani la Indiana lilipata njia nyingine.

IDRISA: Naam. Kaunti kama LaGrange na Elkhart hukitoza kigari ada ya namba kila mwaka, na fedha hizo huelekezwa barabarani. Kwa maoni yangu huo ni utaratibu wa haki kuliko manung'uniko. Holmes nao walifanya jambo ninalolipenda zaidi: waliichukua njia ya reli iliyoachwa, kati ya Fredericksburg na Millersburg na kuendelea hadi Killbuck, wakaigawa kwa urefu. Upande mmoja ni lami laini ya baiskeli na watembea kwa miguu. Upande wa pili ni kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya maji, ambazo kwato huzimudu vizuri zaidi. Nimesimama pale asubuhi moja: mama akapita na kigari chenye watoto watatu nyuma, na pembeni yake mzee akapita kwa baiskeli, na hakuna aliyelazimika kumpisha mwenzake.

SALMA: Usalama usiku je? Maana kigari cheusi kwenye giza ni hatari.

IDRISA: Ni hatari kubwa, hasa gari linapoibuka juu ya kilima. Tangu mwisho wa Agosti 2022, sheria ya Ohio inataka kila kigari kiwe na taa ya manjano inayomweka kwa nyuma. Waamishi wengi wa Holmes walikuwa tayari na taa za betri, hivyo hawakuona tabu. Waliokataa ni Waswartzentruber, mojawapo ya matawi yaliyo makali zaidi, ambao hata ile pembetatu ya rangi ya chungwa ya magari yaendayo polepole huiona kuwa urembo wa kidunia. Wao hutosheka na taa ya mafuta na utepe unaoakisi mwanga.

SALMA: Hao hao ndio waliofika mahakamani kwa sababu ya maji machafu?

IDRISA: Ndugu zao wa Kaunti ya Fillmore, jimbo la Minnesota. Mwaka 2013 kaunti ilitunga kanuni kwamba maji ya kufulia na kuoshea vyombo yaingie katika tangi la kisasa la chini ya ardhi. Wao wakasema dini yao haiwaruhusu, wakapendekeza badala yake shimo lililojazwa vipande vya mbao, ambamo maji huchujwa taratibu kabla ya kuzama udongoni. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliirudisha kesi Minnesota, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ya huko ikawapa haki.

SALMA: Binafsi naona kaunti ilikuwa na hoja, kwa sababu maji ya chini ya ardhi ni ya wote.

IDRISA: Hoja ilikuwepo, kilichokosekana ni ushahidi kwamba mashimo ya mbao yasingetosha kwa nyumba zile hasa, ilhali majimbo mengine yanayaruhusu.

SALMA: Tumalizie na zimamoto. Nimesoma kwamba kule Lancaster, Pennsylvania, Waamishi wamejaa katika vikosi vya kujitolea.

IDRISA: Wamejaa, na hata fedha wanachangisha. Kila mwaka, barafu inapoanza kuyeyuka na uwanja ukiwa tope tupu, vikosi huandaa mnada wa hadhara: mablanketi yaliyoshonwa kwa mkono, farasi, vigari vilivyotumika, na vyakula. Ni harambee hasa, na fedha zinazopatikana hununua vifaa na magari ya kuzima moto.

SALMA: Magari ambayo wao wenyewe hawaruhusiwi kuyaendesha.

IDRISA: Ndiyo. King'ora kikilia usiku, Mwamishi huacha kigari zizini, hukimbia kwa miguu au hubebwa na jirani mwenye gari, huvaa koti na kofia ya chuma kama wenzake, kisha hupanda kiti cha nyuma. Usukani hushikwa na mwingine. Mpira wa maji ataushika yeye.