Kuvu Bafuni: Kuiondoa na Kuinyima Maji

Habari zenu, watazamaji. Leo tuko bafuni. Tazameni kona hii. Madoa meusi kwenye maungio ya vigae si povu la sabuni lililogandamana. Ni kuvu, wengine huita koga. Ukiishi penye hewa ya unyevunyevu, unaifuta leo na baada ya siku chache imerudi palepale. Basi tuna kazi mbili: kuiondoa, halafu kuinyima maji. Ya pili ndiyo kubwa.

Kwanza vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, funga mlango wa kuingia vyumbani. Mwenye pumu asishike kazi hii. Na kama kuvu imetanda zaidi ya mita moja ya mraba, tafuta fundi.

Usiikwangue ikiwa kavu, maana vumbi lake huruka ukalivuta. Ilowesheni kwanza. Mimi natumia siki nyeupe isiyozimuliwa, kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia mpaka itiririke, kisha iache saa moja. Hapa nakata video, ila saa hiyo nimeikaa kweli!

Haya, sugua kwa mswaki wa zamani. Palipogoma, nyunyiza baking soda kidogo. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa.

Sasa oneni: vigae vimetakata, lakini ukanda huu wa silikoni, ule mpira laini wa kuziba maungio, bado una weusi. Kuvu imeingia ndani yake, na kusugua ni kujichosha bure. Ukate kwa kisu, ng'oa wote, acha pakauke kabisa, ndipo upake mpya.

Mtaniuliza kuhusu klorini. Inafaa kwenye vigae, kwa sababu havinywi maji. Kwenye mbao au plasta huondoa rangi ya doa huku kuvu ikibaki ndani. Na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia, kwani hutoka gesi ya sumu. Ukitumia siki leo, klorini ikae kabatini.

Rangi nayo isiwe njia ya mkato. Niliwahi kupaka dari rangi juu ya kuvu, nikajisifu. Haikuchukua muda, rangi ikaanza kubanduka na vidoa vikachungulia.

Tuje kwenye maji. Mnajua chupa ya maji baridi inavyotoa jasho? Ukuta wa bafu hufanya vivyo hivyo mvuke unapougusa. Kwa hiyo ukimaliza kuoga, vuta maji ukutani kwa mpira wa kukaushia, kutoka juu kwenda chini. Pazia litandaze, lisikae limekunjwa. Taulo mbichi itoke nje.

Dirisha je? Hapa wengi hukosea. Mvua ikinyesha, hewa ya nje nayo imejaa maji, na kufungua dirisha pekee hakukaushi vizuri. Nunua kipima unyevu kidogo. Kikisoma zaidi ya 60% muda mrefu, unahitaji feni ya kutoa hewa au mashine ya kukausha hewa. Feni iache izunguke dakika 20 hadi 30 baada ya kuoga, na hakikisha bomba lake linatoa hewa nje ya nyumba, si juu ya dari.

Kuijaribu ni rahisi. Washa feni, bandika kipande cha karatasi ya chooni kwenye wavu wake, achia. Yangu imeshika. Yako ikidondoka, zima umeme, fungua wavu, utoe vumbi lililoziba.