Kubalansi na Kutreki Mapanga ya Helikopta ya Rimoti Ukiwa Nyanda za Juu

Haya wadau, karibuni. Tuko Mwanjelwa, Mbeya, na hapa mezani kuna helikopta ya rimoti saizi 450, ile ya mapanga ya milimita 325. Leo tunabalansi mapanga, halafu tunayatreki, yaani tunayafanya yote mawili yapite kwenye njia moja. Kama wewe ni mtu wa droni inayojisimamia yenyewe angani, nakuonya mapema: hapa ni skrubu tu mwanzo mwisho.

Toa betri. Fungua bolti mbili za M3, chomoa mapanga, yafute kwa kitambaa na spiriti. Tumemaliza hilo.

Sasa kwa nini tunahangaika? Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kama asilimia 16 pungufu ya ile ya Dar siku ya joto. Helikopta iliyokuwa inaelea vizuri Dar kwa rpm 2,400 (mizunguko kwa dakika), huku itakudai karibu 2,600 kwa pembe ileile ya mapanga. Na nguvu inayovuta panga kwenda nje inakua kwa mraba wa mwendo. Panga la gramu 30 kwenye rpm 2,600 linaivuta bolti yake kwa kitu kama kilo 45. Ukizidisha gramu 0.1 tu kwenye ncha ya panga moja, shafti inavutwa upande mmoja kwa zaidi ya gramu 260, mara 43 kila sekunde. Ndiyo maana helikopta iliyotulia pwani ikifika huku inaanza kutikisa mkia.

Vifaa: rula ya chuma, kalamu, solotepu ya rangi mbili, na mizani inayosoma gramu 0.01. Mizani hii ni ileile ya kupimia dhahabu, watu wa Chunya wanaijua. Dukani kwangu ipo, na mapanga ya kaboni yapo. Basi, tangazo limeisha. Funga madirisha na zima feni, maana mizani hii inasoma hata pumzi yako.

Hatua ya kwanza ni kitovu cha uzito. Lisimamishe panga juu ya ukingo wa rula, lisogeze mpaka litulie bila kuangukia upande wowote, piga alama hapo. Fanya hivyo kwa la pili. Kisha yalaze pamoja, tundu za bolti zikikutana, uone kama alama zinalingana. Hapa… subirini, kamera inatafuta fokasi. Nisogeze taa. Haya, mnaona? Alama ya panga hili iko milimita 3 karibu zaidi na shina. Kwa hiyo linabandikwa solotepu kwenye ncha, kidogo kidogo, mpaka alama zikutane ndani ya milimita 1.

Hatua ya pili ndiyo uzito. Sikilizeni vizuri: kitovu kwanza, uzito baadaye. Ukianza na mizani utapata mapanga yenye gramu sawa kabisa lakini moja limebeba uzito nje na jingine ndani, na yatatetema vilevile. Pima yote mawili. Lililo jepesi linaongezwa solotepu, na solotepu hiyo inakaa juu ya alama ya kitovu, katikati yake ikiwa juu ya alama. Narudia, juu ya alama, si kwenye ncha. Mkono wangu umeziba, ngoja nigeuze. Hivi. Ukiisogeza kuelekea nje, umehamisha kitovu na unarudi hatua ya kwanza. Tofauti ikibaki chini ya gramu 0.05, inatosha.

Rudisha mapanga. Bolti isikazwe kama ya gurudumu la gari: ilaze helikopta ubavu, panga lisidondoke kwa uzito wake, ila ukilitikisa lijikunje. Likikazwa mno haliwezi kujinyoosha lenyewe, na balansi yote uliyofanya inakuwa bure.

Sasa treki. Bandika solotepu nyekundu kwenye ncha ya moja na nyeupe kwenye jingine, vipande vya ukubwa mmoja. Watu wanabandika panga moja tu, wanaharibu balansi waliyoitolea jasho!

Tumetoka nje, tuko uwanjani, mbali na watu na mbali kabisa na njia ya ndege za Songwe. Nirushe ielee kimo cha macho, mita 8 kutoka nilipo. Zaidi yangu ninayetazama kwa mbali, hakuna mtu kusimama usawa wa mapanga, panga likichomoka linaelekea hukohuko. Mtakachokiona kwenye video msikiamini: kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mapanga yanaonekana yamepinda au yamesimama. Tumieni macho. Mimi naona nyekundu iko juu ya nyeupe, kama milimita 10.

Mafundi wa helikopta kubwa walikuwa wanapaka ncha rangi tofauti, kisha wanasogeza kitambaa kilichokazwa kwenye mlingoti mpaka ncha zikiguse. Alama zikiachana, wanajua panga lipi liko juu. Nyumbani usijaribu na rula, vidole haviuzwi.

Zima, toa betri. Panga la juu lina pembe kubwa. Chomoa linki yake, yaani kile kijiti kinachoshika pembe ya panga, na uizungushe ili pembe ipungue. Kwenye helikopta hii mzunguko mmoja wa uzi wa M2 unabadilisha digrii 1 na kidogo, kwa hiyo anza na nusu. Kichwa cha linki kikiwa na herufi, herufi inatazama nje. Kikikubali upande mmoja tu, basi ni mzunguko mzima. Ukivusha mpaka panga likawa chini ya mwenzake, usiguse linki ya pili. Rudi kwenye hiyohiyo.

Rusha tena… nyekundu na nyeupe zimekuwa mstari mmoja. Kama asubuhi ya Julai inaelea kwa uvivu ingawa treki ni safi, usikimbilie kuongeza pembe. Betri ya LiPo ikipoa volti zinashuka na rpm zinashuka nazo, ipashe mfukoni kwanza.

Mtetemo mzito unaotikisa miguu yote unatoka juu, na sasa umekwisha. Huu mwembamba unaosikika kama mluzi kwenye bomba la nyuma ni wa mapanga ya mkia, ambayo yanazunguka zaidi ya mara 4 ya haya. Yanabalansiwa kwa mpangilio uleule, ila solotepu ikatwe vipande vya milimita 2 na bolti ipakwe gundi ya bluu, ile ya kuzuia bolti isilegee.