Herufi Moja Kwenye Viza

Ahsante, mwenyekiti. Sababu za kutaka kwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza sitawaeleza mimi. Kila mmoja wenu ana nambari ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, au anaingoja, na ana kaka au dada aliyehitimu zamani ambaye hadi leo anafundisha chini ya BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule tu. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanza na neno lilelile: viza ya kazi. Wanivumilie. Nitalisema mpaka wazazi waache kunipigia simu usiku.

Tuchukue Uchina, maana ndiko wengi wenu mnakochungulia. Kihalali, shule ndiyo inayotangulia. Unaitumia shahada iliyothibitishwa na cheti cha polisi cha tabia njema, inakuombea kibali cha kazi kwa serikali ya huko, inakutumia barua ya taarifa ya kibali hicho, nawe unaipeleka Nairobi kuombea viza. Viza inayotoka ni Z, ya kazi. Herufi hiyo imechapwa waziwazi kwenye stika. Si M, hiyo ni ya biashara. Si L ya mtalii, wala X ya mwanafunzi. Z!

Kisha tazameni palipoandikwa muda wa kukaa. Kwenye Z mtakuta sifuri tatu: 000. Binti mmoja alinipigia analia, akidhani amenyimwa hata siku moja. Nikamwambia, mama, piga vigelegele! Maana yake ukishaingia una siku 30 za kwenda kuomba kibali cha ukaaji, na hicho ndicho kitakachokuhesabia siku zako. Mwenzake aliyepewa M anaona 60 au 90 zimeandikwa, anajiona ndiye aliyebahatika.

Basi kijana mmoja niliyemfundisha alikwenda na hiyo M. Ajenti alimwambia, "Wewe ingia tu, tutaibadilisha ukifika." Akawekwa shule ya chekechea. Watoto walimpenda, picha alizituma. Siku moja wakaguzi wakaja. Akashikwa mkono katikati ya wimbo, akapitishwa jikoni, akatolewa mlango wa nyuma, akaambiwa akakae kituo cha basi mpaka atumiwe ujumbe. Amekaa pale na aproni yake yenye picha za tembo, kadi za rangi bado ziko mkononi, mwalimu mwenye shahada! Baadaye mshahara ukaanza kuchelewa, kisha ukakatwa nusu. Alipouliza, mwenye shule akamjibu: nenda polisi ukanishtaki.

Angekwenda kwa uso gani? Sheria yao iliyoanza kutumika Julai 2013 inamtoza mgeni anayefanya kazi bila idhini faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Ajenti naye sheria hiyo inamtoza faini, lakini haimfikii huku. Ajenti yuko mjini hapa, anatafuta mwingine.

Namwona yule pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: "Mwalimu, mbona fulani alikwenda hivyohivyo na leo amejenga?" Kweli amejenga, na nyumba nimeiona, ina ghorofa. Lakini waliorudi mikono mitupu hawaweki picha kwenye WhatsApp. Na mniambie, shule inayoweza kukupatia Z itakupa M kwa nini? Ama haina idhini ya kuajiri wageni, ama wewe mwenyewe hutimizi masharti nao wanajua. Hakuna jibu la tatu, nimelitafuta.

Masharti nayo yanauma. Kiingereza ni lugha rasmi katika Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, lakini hilo halimhusu afisa wa viza wa Korea Kusini. Orodha ya kawaida ya viza yao ya E-2, ya walimu wa lugha, ina nchi saba, na kutoka bara hili imo Afrika Kusini peke yake. Ajenti akikuuzia Korea kwa pasipoti ya Kenya, muulize hilo kwanza, umwangalie macho. Uchina wanataka shahada na uzoefu wa miaka miwili, tena wanapendelea watu wa nchi ambako Kiingereza ndicho lugha ya kuzaliwa. Mwenye shahada ya ualimu ana pa kushika, ila si kila mkoa. Na tangu Julai 2021 serikali iliposhukia vituo vya masomo ya ziada, vingi vilifungwa. Matangazo ya enzi hizo bado yanazungushwa kwenye magrupu yenu.

Thailand watakudai TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza chako, alama 600. Mtaona ni matusi, nyinyi mliosomeshwa hesabu kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Ni mtihani wa saa mbili, ufanyeni, hasira mtaimalizia nyumbani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na maneno kuhusu mkataba, kuhusu nyumba ya shule, na kuhusu Rwanda hapa jirani, iliyoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza darasani na ambayo jina lake hamlitaji kwa sababu hakuna picha za theluji. Na kufundisha kwenyewe sijakugusa! Itakuwa siku nyingine.

Wenye ofa kwenye simu msiondoke. Njooni hapa mbele tuzisome moja moja, Uchina upande huu, Thailand upande ule. Na aliyekwisha kumlipa ajenti aje na risiti, kama alipewa.